Leo chaki waliishika wenyewe

Jioni hii, darasa la watu wazima, somo la asilimia. Kabla sijafungua kitabu nikauliza: nani ana hesabu inayomsumbua?

Kimya.

Halafu mama mmoja muuza dagaa akasema, "Mwalimu, nilikopa laki mbili. Baada ya miezi mitatu nikarudisha laki mbili na tisini elfu. Hiyo ni riba gani?"

Nikampa chaki.

Akaandika 90,000, akagawa kwa tatu. Fundi baiskeli akainuka bila kuitwa, wakabishana ubaoni, darasa zima likaingilia. Elfu thelathini kila mwezi kwa deni la laki mbili: asilimia 15 kwa mwezi! Mama akalizungushia jibu duara, akarudia, akarudia, mpaka chaki ikakatika.

Hapo kila mtu akatoa daftari lake la madeni. Muda ukaisha, hakuna aliyebeba mkoba.

Huku Kanda ya Ziwa, Tanzania, enzi za kampeni ya kisomo (kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika) ya miaka ya 1970, vitabu vya wazee wetu vilihusu pamba, ndizi na uvuvi. Walioviandika walijua wanafundisha nani.

Nimefurahi sana jamani.

Walimu wenzangu, ninyi mnawaanzaje watu wazima wakiwa wamenyamaza? Nawasikiliza.