Mwaka ulioandikwa ukutani si umri wa nyumba

Kwenye maduka ya zamani ya Wahindi, Kisumu na miji midogo ya kando ya ziwa kama Kendu Bay, si ajabu kukuta mwaka umechorwa kwa saruji juu ya mlango. Watu huutaja kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa. Mara nyingi ni umri wa uso tu.

Reli ilifika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, Desemba 1901. Tangu hapo bati na misumari vikaja kwa treni, na shehena za ng'ambo ya ghuba zikavushwa kwa meli kama Winifred na Sybil. Mwenye duka alianza na banda la bati: biashara mbele, familia nyuma, jiko uani. Mambo yakimnyookea, alipandisha ukuta wa mbele kuficha paa, akaandika mwaka wa kazi hiyo.

Simama pembeni, pale ukuta wa mbele unapokutana na wa ubavuni. Matofali yakiwa hayajaumana, na ufa umenyooka wima toka juu hadi chini, uso ulipachikwa baadaye. Halafu ingia darini na tochi. Ukikuta bati la zamani limekatwa au limepita nyuma ya ukuta huo, shaka imekwisha.

Bati lenyewe linasema mengi. La zamani lina mawimbi ya mviringo, inchi 3 toka mgongo hadi mgongo, na ni nene, karibu nusu milimita au zaidi. Bati la siku hizi la geji 30 (geji ni kipimo cha unene) ni kama milimita 0.3. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, kwa hiyo bati huku hudumu kuliko Mombasa. Kutu huanzia kwenye matundu ya misumari, hasa fundi akipigilia bondeni mwa wimbi badala ya mgongoni. Karatasi nzima ikiwa bado ngumu, usiing'oe kwa sababu ya matundu manne.

Hati ya kiwanja nayo hupotosha. Chini ya sheria ya ardhi ya 1915, viwanja vya mjini vilikodishwa kwa muda usiozidi miaka 99. Tarehe iliyomo ni ya ardhi, si ya kuta.

Kosa linaloua nyumba hizi ni plasta ya saruji. Kwangua kiungo cha matofali kwa ufunguo: kikimomonyoka, cheupe au cha udongo, ukuta huo unahitaji kupumua. Ukiufunga kwa saruji, unyevu unaopanda toka chini hukwama ndani, na baada ya masika chache plasta hubanduka ikiondoka na uso wa tofali. Tumia chokaa ya mfuko, sehemu 1 kwa mchanga uliooshwa sehemu 3. Loweka chokaa siku moja kabla. Kila mkono wa plasta usizidi unene wa milimita 10, na uufunike kwa magunia mabichi siku kadhaa, maana chokaa ikikaushwa na jua la Kisumu hugeuka unga.

Kabla ya yote hayo, safisha gata, mfereji wa maji ya paa, iliyofichwa nyuma ya ukuta wa mbele. Haionekani toka barabarani, hujaa majani, na maji yake hushukia ndani ya ukuta uleule wenye mwaka.