Geuza Kichwa, Ukurasa wa 4

Mara ya kwanza kutengeneza vitabu vidogo vya kujichapishia darasani, tuliangushwa na kalamu za bluu. Wanafunzi wangu walikuwa wameandika na kuchora wiki nzima. Nikabeba kazi zao hadi kwenye mashine ya fotokopi, nikarudi na makaratasi yaliyopauka kama kanga kuukuu. Mashine ya nyeusi na nyeupe haielewani na bluu. Ile iliyokolea huitoa kijivu, ile hafifu haiioni kabisa. Na waliojaza hadi ukingoni walikuta herufi zimeliwa, kwa kuwa mashine nyingi huacha milimita kadhaa za pembeni bila kuchapa. Siku hizi nina sheria mbili tu: kalamu nyeusi, na upana wa kidole uachwe pande zote.

Kwa Kiingereza kitabu cha namna hii kinaitwa zine, kifupi cha fanzine, neno alilolibuni Mmarekani Louis Russell Chauvenet mwaka 1940 kwa ajili ya magazeti madogo ambayo mashabiki wa hadithi za kisayansi walikuwa wakijichapishia wenyewe. Nilijaribu kulitohoa. Tamka mwenyewe, uongeze irabu mwishoni, halafu uniambie kama kuna mwalimu mwenye akili timamu atakayeliandika ubaoni. Sisi tunasema kijarida, yakaisha.

Kijarida chetu ni karatasi moja ya A4, bila pini wala gundi. Unaikunja katikati mara tatu, ukiikunjua unapata vyumba vinane. Unaikunja tena mara moja, upande mfupi juu ya upande mfupi, unaingiza mkasi pale ilipokunjwa na kukata mstari wa kati hadi kwenye mkunjo unaofuata, basi. Ukiifungua ina mpasuko tumboni. Ikunje kwa urefu, sukuma ncha mbili zielekeane: mpasuko unaachama, kurasa zinajipanga, unashika kitabu. Nimeshafanya hivyo mara nyingi mbele ya darasa na bado kuna anayesema, "Mwalimu, rudia!"

Ugumu uko kwenye kurasa. Karatasi ikiwa imelala, safu ya chini inasomeka 6, 7, 8, 1. Ya juu ni 5, 4, 3, 2, na zote nne zimesimama kwa kichwa. Lazima kuna atakayesahau.

Safari hii alisahau kijana mmoja wa dawati la nyuma, yule ambaye insha zake huishia nusu ukurasa, tena kwa mwandiko mkubwa. Kijarida chake kiliitwa "Namna ya Kulala Darasani Bila Kukamatwa". Nilikisoma huku nikijitahidi kukunja uso. "Hatua ya pili: shika kalamu. Anayesinzia na kalamu mkononi anahesabika anafikiri." Jalada alilichora upya mara nne, bila kuombwa. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu kama mtu anayemweleza mtoto: "Mwalimu, hiki watasoma watu."

Nilimeza mate. Kwa hiyo mimi ninayesahihisha insha zake sijui ni nani.

Lakini alikuwa na haki. Insha ina msomaji mmoja, naye ana kalamu nyekundu. Ndiyo maana kwenye vijarida sishiki kalamu nyekundu. Namwambia mwandishi ampe jirani asome kwa sauti, na pale jirani anapojikwaa, mwenyewe anashtuka na kufuta. Makosa mengine hupita. Yapite.

Nakala zake 30 zilipotoka, ukurasa wa 4 ulikuwa juu chini. Nilidhani atalia. Akakaa mapumziko yote, akaandika kwa mkono chini ya ukurasa wa 3, nakala moja baada ya nyingine: "Geuza kichwa. Ukiulizwa, sema unanyoosha shingo." Wenzake wakadhani alikusudia tangu mwanzo, naye hakuwasahihisha. Nakala zilimalizika kabla ya kengele ya mwisho, na kwa toleo la pili aliukataa ushauri wangu wa kuugeuza ukurasa ule.

Nami nimeanza cha kwangu cha kumjibu: "Namna ya Kumtambua Anayelala na Kalamu". Nina jalada na ukurasa wa 2. Wa 3 nimeuchora kichwa chini.