Wala Usiwe Kama Yule wa Samaki

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu, nusura wiki hii nisiandike. Siku tisa zilizopita nilifunga mlango wa chuo chetu cha Qur'ani, nikatia ufunguo mfukoni, nikawaambia wanafunzi waende makwao mpaka nitakapowaita. Moyoni nilijua sitawaita. Mzazi mmoja alikuwa amenijia mbele ya watoto na kunitolea maneno ambayo sijawahi kuambiwa tangu nianze kusomesha, kisa mwanawe yuko juzuu ileile tangu Ramadhani. Mwenyekiti wa kamati alinipigia simu mara nne, sikupokea. Mke wangu aliponiuliza nikamjibu nimechoka, nahitaji kupumzika.

Ikasadifu mpwa wangu amekuja likizo kutoka Maskati. Akatukusanya ukoo mzima, wakubwa kwa watoto, akatutoa Tanga mjini mpaka Pangani tukalale siku mbili, tukaone kisiwa cha Maziwe na tukijaliwa tuone nyangumi. Demani imeingia, upepo wa kusi umelegea, na hii ndiyo miezi wanayopita pwani yetu. Nikakubali haraka. Nikasema alhamdulillah, Allah ameniletea mapumziko.

Tulitoka alfajiri. Nahodha, mtu mzima wa makamo yangu, alipowasha injini alisoma "Bismillahi majraha wa mursaha", dua ya Nabii Nuh (a.s.), na mashua nzima tukaitikia. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na omo, mbele ya mashua, ufunguo unanichoma pajani kila wimbi likitupandisha. Nilikuwa nimeusahau mfukoni mwa kanzu.

Tumeshatoka nje ya mwamba, nahodha akazima injini. Mbele yetu maji yalifumuka kwa kishindo, pumzi ikaruka juu nyeupe kama mvuke wa birika, kisha mgongo mweusi ukapita taratibu, mrefu, hauishi. Pembeni yake akatokea mwingine mdogo. Vijana wakapiga kelele tusogee. Nahodha akakataa. "Huyu ana mtoto. Mkimfukuza anazama naye, hamtomwona tena. Tulieni." Tukatulia.

Nilikaa nikihesabu. Mtoto alitoka kuvuta pumzi, akazama. Akatoka tena. Akatoka mara ya tatu, na mama bado yuko chini, kivuli tu kikubwa ndani ya maji. Nyangumi si samaki kwa maumbile yake, anavuta hewa kama mimi na wewe, na ananyonyesha. Mama ana uwezo wa kukaa chini robo saa na zaidi. Mtoto hawezi, dakika chache tu kifua kimemwishia. Mpwa wangu aliyesoma habari zao akanieleza: "Mjomba, hawa wanatoka bahari ya barafu huko kusini kabisa ya dunia, maelfu ya kilomita, wanakuja kuzalia kwenye maji yetu ya moto. Mtoto anazaliwa ana mita nne na uzito kama wa tani moja. Na huyo mama miezi yote hii karibu hali kitu, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, na bado ananyonyesha."

Nikamtazama yule mama. Mwili wote ule, nguvu zote zile, na mwendo wake anaupima kwa pumzi ya mtoto. Hakumwacha kwa sababu ni mzito wa kwenda.

Hapo ndugu zangu nilishindwa kujizuia, nikavuta kilemba usoni kama mtu aliyepigwa na jua. Nilikuwa nimemfungia mlango mtoto mzito wa kuhifadhi, na wenzake wote pamoja naye, kwa sababu baba yake amenivunjia heshima.

Kisa cha Nabii Yunus (a.s.), aliyemezwa na samaki mkubwa baada ya kuwaacha watu aliotumwa kwao, tunakijua sote. Tumekisoma tukiwa wadogo, na sisi watoto wa pwani tukisikia "hut", neno la Kiarabu la samaki mkubwa, picha inayotujia ni ya nyangumi. Lakini angalia mahali Qur'ani inapoanzia. Katika Suratul Anbiya aya ya 87, baada tu ya kumtaja kwa jina la Dhun-Nun, yule wa samaki, kisa hakianzi na dhoruba wala kumezwa, kinaanza na hasira: aliondoka hali ameghadhibika. Na katika Suratus Saffat, kule kupanda kwake jahazi lililosheheni kumetajwa kwa neno "abaqa", neno la mtumwa anayemtoroka bwana wake. Watu walimkosea kweli, walimkadhibisha. Hata hivyo kwa Mola wake kule kuondoka bila idhini kukahesabiwa kutoroka. Mimi kule kuondoka kwangu nilikuita kupumzika.

Na Mtume wetu (s.a.w.), aliyetukanwa na kuitwa mwendawazimu, akaambiwa katika Suratul Qalam asubiri hukumu ya Mola wake, "wala usiwe kama yule wa samaki". Kama yeye aliusiwa hivyo, mimi na wewe ni nani?

Niruhusuni niseme kwa ukali kidogo, na mwanzo najisemea mwenyewe. Tumekuwa wepisi mno wa kuondoka. Mtu hakupewa nafasi ya kuzungumza kikaoni, msikiti ule ule aliochanga matofali hauingii tena, anavuka mitaa mitatu kwenda kuswali kwingine na kusema kule kuna utulivu. Ndugu wamegombania shamba la minazi la baba yao, mmoja hajakanyaga kwa mama mwaka wa pili sasa, ukimuuliza anakwambia anaepusha shari. Shari gani, ndugu yangu? Mama yako ana miaka mingapi? Simsemi mke anayepigwa, huyo aondoke na sisi tumsaidie kubeba mizigo. Nakusema wewe uliyewekwa mahali na Allah, ukaudhiwa, ukaenda zako, na nyuma yako kuna watu wanaovuta pumzi kwa mwendo wako.

Tulifika Maziwe jua limeshakuwa kali. Wazee wa Pangani wanasimulia kisiwa kile kilikuwa na mivinje, bahari ikakila mpaka miti yote ikaondoka. Leo ni fungu la mchanga mweupe tu, hakuna kivuli, na maji ya bamvua yakijaa linafunikwa. Wenzangu walikwenda kuogelea kwenye matumbawe. Mimi nilikaa chini ya turubai walilotutundikia nikaikumbuka aya: tukamtupa ufukweni patupu hali ya kuwa mgonjwa, tukamuoteshea mmea wa jamii ya mung'unye. Mtoro kaoteshewa kivuli! Hakusimangwa. Akapona, akatumwa kwa watu laki moja au zaidi, wakaamini. Yeye aliyeondoka akidhani hapana kheri huko.

Nikasoma ile dua yake, "La ilaha illa Anta, subhanaka, inni kuntu minadh-dhalimin". Nimeisoma maisha yangu yote kuomba riziki, kuomba wagonjwa wapone. Siku ile ndiyo niliyoisoma kwa maana yake: mimi ndiye niliyekuwa katika madhalimu. Yunus hakumtaja hata mtu mmoja wa kaumu yake mle gizani. Hakusema wao walinianza.

Nahodha akatuita, maji yameanza kupanda. Njiani nilimpigia mwenyekiti, akapokea mlio wa kwanza, akasema tu, "Maalim, tulikuwa tunakusubiri." Sikuweza kumjibu vizuri.

Jana baada ya Alasiri nilifungua. Mikeka ilikuwa imeshika vumbi, ubao bado una aya niliyoiandika siku ile. Kati ya wanafunzi ishirini na watatu, kumi na mmoja ndio waliokuja, na yule mtoto hakuwemo. Kesho inshallah nazunguka majumbani kuwafuata waliobaki, mlango kwa mlango. Naanza na nyumba ya baba yake. Niombeeni niingie kwa ulimi laini.