Nilivyoitafuta sauti ya Siti binti Saad

Nimeimba taarabu tangu usichana wangu, lakini sijawahi kuuogopa wimbo kama nilivyouogopa ule. Vijana wa hapa Unguja walikuwa wakitengeneza filamu fupi juu ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa zamani wa hapa Unguja, na mwigizaji waliyempata alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kuimba. Wakaniomba nimwimbie. Onyesho lenyewe ni la Bombay, mwaka 1928, Siti na wenzake akina Subeit bin Ambar na Maalim Shaaban wakirekodi sahani za santuri za kampuni ya HMV. Sauti yake halisi ipo, ila imejaa mikwaruzo. Huwezi kumwonyesha mtu Siti amekaa mbele ya maikrofoni, halafu ukamsikilizisha sahani iliyochakaa kwa miaka zaidi ya 90.

Mwongozaji alinitia moyo kwa mfano wa Freddie Mercury, naye mzaliwa wa hapa hapa Unguja. Filamu ya maisha yake ya mwaka 2018 ilichanganya sauti yake mwenyewe na ya Marc Martel, mwimbaji wa Kanada. Nilipoitazama sikujua mshono uko wapi.

Mwezi mzima wa kwanza niliupoteza. Nilisikiliza mstari, nikaurudia, nikausikiliza tena, mpaka nikaweza kuutoa vilevile: mwembamba, wa puani, wa haraka haraka. Nikajirekodi, nikaridhika. Fundi wa sauti akasikiliza, kisha akaniambia kwa upole, "Dada, hii ni santuri. Siti yuko wapi?"

Akaniketisha, akanifahamisha. Sahani za zama zile hazikurekodiwa zote kwa mizunguko 78 kamili kwa dakika. Ukiizungusha kwa kasi kuliko ilivyorekodiwa, sauti hupanda, mtu mzima akawa kama mtoto na pumzi zake zikawa za mbio. Tena mitambo ile ilinasa sehemu ya katikati tu ya sauti. Uzito wa kifuani haukuingia wote, na makali ya "s" na "f" yalipotea. Ule upua nilioung'ang'ania, sehemu kubwa ulikuwa wa sahani.

Tukapunguza mwendo kidogo kidogo. Tulipokaribia nusu toni chini, nikamsikia mwanamke anavuta pumzi. Mwili ulinisisimka. Pumzi ile ndogo, kabla ya ubeti wa pili, ilinifundisha kuliko wimbo mzima, kwa sababu hakupumua pale ninapopumua mimi. Aliubeba mstari mpaka kwenye kina, ile sauti ya mwisho inayolingana na ya mistari mingine, akakitua, ndipo akavuta hewa.

Kifua kile alikipata wapi? Siti alizaliwa kijiji cha Fumba, kwa wafinyanzi, na kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911 alikuwa akinadi vyungu. Siku zote nililichukulia hilo kuwa habari ya umaskini wake. Sikuwahi kufikiri kwamba huko ndiko alikojifunza kuipeleka sauti mbali.

Nikaenda kwa bibi mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, hapa mjini, ambaye mama yake alizihifadhi nyimbo za Siti kwa moyo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu imba."

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Unaimba kama watu wanakutazama," akasema. "Mama alikuwa akiimba huku anakuna nazi." Akanisogezea mbuzi ya kukunia na sahani ya kutilia nazi, akanipa vizio vinne.

Sikubisha. Ukikaa juu ya mbuzi umeinama, kifua hakina nafasi ya kupanda. Pumzi hushuka yenyewe kiunoni, na mkono unaokuna unakushikia mapigo. Vizio viwili vya mwanzo niliimba vibaya, mkono unakwenda kwake na wimbo unakwenda kwake. Kwenye cha tatu sauti ikahama puani, ikakaa kifuani. Bibi hakusema kitu. Aliichukua sahani yake akaenda kukamua tui.

Matamshi hayakunisumbua sana, ila ilinibidi kurudisha "kh" na "gh" zangu kooni kama tulivyofundishwa chuoni tukisoma Kurani. Miaka ya kuimbia watu wa kila mahali ilikuwa imezilainisha.

Siku ya kurekodi niliomba tukae chini sote, wapigaji wamenizunguka, maikrofoni moja tu. Upande mmoja wa sahani zile ulichukua kama dakika tatu, basi na sisi tuliimba dakika tatu bila kukata, na tukikosea tunaanza upya. Tulianza upya mara 11. Niliomba pia jina langu liandikwe mwishoni mwa filamu, asije mtu akaamini kwamba amemsikia Siti mwenyewe.

Lipo neno moja katika ubeti wa mwisho ambalo mkwaruzo umelimeza kabisa. Bibi alinipa neno alilokuwa akiliimba mama yake. Mzee mwingine, mpiga fidla, akanipa jingine, na yote mawili yanaleta kina. Sikutaka kumlisha Siti maneno. Nilipofika pale nilinyamaza, na mpiga udi akaijaza nafasi.