Makiwara Kwenye Udongo Mweusi

Basi la usiku kutoka Mombasa lilinishusha Nairobi alfajiri na magoti yaliyoganda. Kwa nauli ile nilitarajia japo kiti kinacholala. Siku mbili zikaenda kwenye pumzi tu: mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Pwani akirudia miondoko 65 ya Kanku Dai, moja ya kata (mifululizo ya mazoezi) za karate, mara tatu kwa kasi ya kwao, mapafu yanamkumbusha alikotoka.

Kazi yangu ilikuwa kusimika makiwara, nguzo ya kupigia ngumi, nyuma ya ukumbi mmoja wa Eastlands, kisha niandike ilivyofanyika. Mbao nilinunua soko la Gikomba: saipresi ya inchi nne kwa nne, futi saba na nusu. Bei ya kwanza niliyotajiwa ningenunulia mbili nyumbani.

"Mzee, hii ni mwimo wa mlango?" fundi aliuliza.

"La, fundi. Ni ya kupigwa ngumi."

"Kwani imekukosea nini?"

Nikamchorea. Chini ibaki unene wa inchi tatu, ikonde polepole hadi nusu inchi kileleni, ili ngumi ikifika mbao irudi nyuma kidogo, na kadiri unavyosukuma ndivyo inavyokaza. Isiponepa, kifundo cha mkono ndicho kinacholipa. Nilichosahau kumwambia ni upande wa kuranda. Uso unaopigwa ndio unaovutika mbao inapopinda, kwa hiyo nyuzi zake ziachwe nzima kutoka chini hadi juu. Unene hupunguzwa mgongoni. Yeye aliranda usoni, akafukua na jicho la mti. Ngumi ya tatu, kwaa! Tukanunua nyingine, na safari hii nilisimama pale pale randa ilipokuwa ikipita.

Shimo nalo lilikuwa na yake. Mombasa unachimba futi mbili na nusu kwenye matumbawe, unashindilia, basi. Udongo mweusi wa huku hunyonya maji ukavimba, jua likiwaka unapasuka, na nguzo inabaki kucheza kama jino bovu. Zege linavutia, ila udongo huo hulitikisa bonge zima. Tulifunga vipande viwili vya mbao kwa kukingama: kimoja mgongoni karibu na uso wa ardhi, kingine mbele, chini kabisa, kwa sababu kilele kikisukumwa nyuma mguu hutaka kuja mbele. Kisha kokoto, inchi sita sita, kila tabaka likishindiliwa.

Pale ngumi inapotua, Japani hufunga kamba ya nyasi za mpunga. Hapa tulipata mkonge, mpya, unaochoma. Ukiloweka usiku kucha na kuuponda kwa gogo unakubali. Nikakumbuka kamba za makumbi zilizolala bure barazani kwangu. Zingeokoa shilingi kadhaa.

Kilele kilifika chini kidogo ya kifua, nikiwa nimesimama zenkutsu-dachi, mkao wa goti la mbele kukunjwa. Wanafunzi walianza na ngumi kumi kila mkono, kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati tu. Mvua ikinyesha wiki nzima, waongeze kokoto kabla ya kupiga tena.

Ile mbao iliyovunjika fundi aliikata ikawa miguu ya stuli, akaniuzia stuli yenyewe kwa shilingi 400.