Jirani Ambaye Hajasikiwa

Wapendwa katika Kristo, Mithali 18:17 inatukumbusha kwamba anayejitetea kwanza huonekana mwenye haki, mpaka jirani yake aje kumchunguza. Katika taarifa za vita, jirani huyo mara nyingi huchelewa.

Tarehe 10 Oktoba 1990, miezi miwili baada ya Iraq kuivamia Kuwait, msichana wa miaka 15 alisimulia huku akilia, mbele ya kundi la wabunge wa Marekani, jinsi alivyowaona askari wa Iraq wakiwatoa watoto njiti kwenye mashine za hospitali na kuwaacha wafe sakafuni. Machozi yake yalirushwa kwenye televisheni, Rais George Bush akakirudia kisa hicho mara kadhaa, na tarehe 12 Januari 1991 Baraza la Seneti likaidhinisha vita kwa kura 52 dhidi ya 47. Mwaka 1992, vita vikiwa vimekwisha, ndipo ilipofichuka kwamba alikuwa binti wa balozi wa Kuwait mjini Washington, na kwamba ushuhuda huo uliandaliwa kwa msaada wa kampuni ya uhusiano wa umma. Wachunguzi hawakupata uthibitisho wa kisa chenyewe. Wakuwait waliteswa kweli, jambo ambalo hatupaswi kulisahau, lakini mateso yao hayakuhitaji kuongezewa uongo.

Vita vilipoanza, watazamaji walioneshwa picha zilizopigwa kutoka angani: alama ya shabaha juu ya paa, mlipuko, kisha picha inakatika kabla hujajua ndani mlikuwa na nani. Tarehe 13 Februari 1991 mabomu mawili yalipenya handaki la Amiriyah, Baghdad, yakaua raia zaidi ya 400, wengi wao wanawake na watoto, na kwa siku chache watu wa mbali wakaona miili iliyoungua. Walikuwa wanadamu wale wale tangu siku ya kwanza.

Linaloniuma zaidi ni kwamba hata maombi yetu hufuata kamera. Sudan imo vitani tangu tarehe 15 Aprili 2023, watu zaidi ya milioni 10 wameyahama makazi yao, na bado katika sala za waumini jina la nchi hiyo jirani husikika mara chache. Nawasihi wiki hii, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, tuulizane ni nani hajasikiwa, kisha tuwaombee kwa majina ya miji yao: El Fasher, Khartoum, El Geneina.