Jasho ndilo lililonitoa, si baridi: mbio zangu za Januari kutoka Edale

Kila niliyemwambia kwamba nimejiandikisha mbio za Januari kwenye vilima vya Pennine, kaskazini mwa Uingereza, alinijibu neno moja: vaa. Mama alinipigia simu kutoka Arusha, "Mwanangu, baridi ya huko si ya kuchezea, vaa, tena vaa." Muuzaji wa duka moja la vifaa vya milimani akanipangia nguo za tabaka nne, na bei yake ilikaribia kodi yangu ya mwezi. Shemeji naye akasema, "Dada, wewe umekulia chini ya Mlima Meru, mlima wa zaidi ya mita 4,500. Kilima cha huko, Kinder Scout ya mita 636, kitakushinda nini?"

Walinitakia mema, lakini ushauri huo ndio ulionitoa mashindanoni mara ya kwanza.

Mbio zenyewe zinaitwa Spine Sprint: maili 46, kama kilomita 74, kutoka kijiji cha Edale hadi karibu na Hebden Bridge, na unapewa saa 18. Kubwa yake ni Spine Race, maili 268 mpaka Kirk Yetholm huko Uskoti. Hiyo ndiyo aliyoishinda mkimbiaji Jasmin Paris mwaka 2019 kwa saa 83 na dakika 12, akawapita wanaume wote, huku akijikamua maziwa kwa ajili ya mwanawe vituoni. Mimi ni mama wa watoto wawili. Habari ile niliisoma usiku nikiwa na mdogo kifuani, na tangu siku hiyo sikutulia.

Basi mwaka wa kwanza nikavaa kama nilivyoambiwa. Fulana ya sufu, sweta, koti la manyoya, na juu yake koti la mvua. Pale Jacob's Ladder, mpando wa mawe unaokutoa bondeni, nilianza kutoka jasho mpaka likawa linatiririka kiunoni. Nikajiambia vizuri, joto lipo. Tulipofika juu, upepo ukatupokea. Kule hakuna mti wa kujikinga, ni mboji, yaani udongo mweusi wenye maji wa mimea iliyooza, nyasi na vichaka vifupi hadi macho yanapoishia. Jasho likageuka maji ya baridi mgongoni, na nguo iliyolowa haikupi joto, inakunyonya. Nilipokikaribia kilele cha Bleaklow zipu ya koti ilikuwa imeganda na vidole havikuwa na nguvu ya kuivuta. Nilikuwa na njaa lakini nilishindwa kuichana pakiti ya chakula. Nikaing'ata kwa meno, nayo imekuwa ngumu kama kigae. Maji hayakutoka, mrija wa kunywea kutoka mkobani ulikuwa umeziba kwa barafu. Nilipojaribu kumjibu mkimbiaji aliyeniuliza hali, ulimi ulikuwa mzito, maneno hayakamiliki. Yule bwana hakuniacha. Alitembea nami mpaka bondeni Torside, nikaacha. Hata kilomita 25 sikuzifikisha.

Nililia kwenye treni mpaka Sheffield.

Aliyeninyoosha ni mzee mmoja wa klabu yetu, amekimbia vilima hivi tangu ujana. Aliniambia: ukiona uko sawa mstari wa kuanzia, umevaa kupita kiasi. Anza ukitetemeka.

Mwaka uliofuata nikaanza nikitetemeka kweli. Fulana moja nyembamba ya sufu, koti jepesi la upepo, basi. Koti nene lilikuwa juu kabisa ndani ya mkoba, kwenye mfuko usiopitisha maji. Kila nilipoona kilele kinakaribia nilisimama kabla ya upepo, nikalivaa, na nikiingia kwenye mpando mwingine nalivua. Inachosha, inakula dakika, lakini usiivunje kanuni hiyo hata mara moja. Glavu kavu za akiba nilizificha kifuani, si mkobani.

Mrija niliutupa. Nilibeba chupa mbili na kuzipindua, mdomo chini. Maji huanza kuganda juu, kwa hiyo barafu hukaa upande wa kitako na mdomo unabaki wazi. Nilikunywa hadi usiku wa manane. Chakula changu kilikuwa chapati zilizopakwa siagi ya karanga, nimezikunja na kuziweka ndani ya koti zikipata joto la mwili, pamoja na tende. Watu walikuwa wanatafuna vipande vya chokoleti kama mawe.

Sasa mawe yenyewe. Sehemu kubwa ya njia kutoka kilima cha Mill Hill imetandikwa mawe bapa ili miguu isiichimbe mboji, na mengi yake yalikuwa sakafu za viwanda vya zamani vya nguo. Yamelika katikati, yamekuwa kama sahani, maji yanatuama humo na kuganda. Nilijifunza kuyasoma kwa tochi. Jiwe jeupe lina jalidi, mguu unashika kidogo. Jiwe linalong'aa kama limepakwa mafuta ni barafu tupu, hilo usilipe uzito wako. Na usidhani pembeni ni salama: maji ya mboji yana rangi ya chai ya rangi, yakiganda juu yanaonekana kama udongo mgumu. Mwenzangu mmoja alikanyaga, akazama mpaka paja.

Dawa ni vyuma vya meno vya kufunga chini ya viatu, nilivinunua kwa pauni arobaini na kitu. Wengi walivifunga na kuvifungua kila baada ya dakika kumi, wakimaliza vidole kwa baridi. Mimi nilivifunga Mill Hill, nikavivua pale tu lami ilipokuwa ndefu.

Kilele cha Black Hill nilikipita bila shida, giza likaingia mapema kama kawaida ya Januari. Kwenye daraja la miguu juu ya barabara ya M62 madereva walipiga honi walipoona tochi zetu, na sitaficha, nilipunga mkono kama malkia. Genge la Blackstone Edge lilikuwa baya, upepo wa ubavuni, mawe makubwa. Stoodley Pike, mnara wa mita 37, niliuona tu nilipokuwa chini yake.

Nilimaliza kwa saa 16 na dakika chache. Mtu wa kujitolea akanipa chai na kuniuliza kama nimelowa, kuna nguo kavu. Nikavua mkoba, nikapitisha mkono mgongoni chini ya koti. Fulana ilikuwa kavu.